Juma: Siku ya Kukusanyika Iliyogeuka Jina la Mtu

Miongoni mwa majina ya kiume yanayosikika katika nchi zinazozungumza Kiswahili, Juma lina nafasi ya pekee, kwa kuwa halikubaki kwa watu wa pwani wala kwa Waislamu pekee, na limezoeleka kiasi kwamba waandishi wa vitabu vya shule wanapohitaji mvulana wa kutolea mfano, awe anacheza mpira katika somo la sarufi au anagawana machungwa na wenzake katika somo la hesabu, mara nyingi humwita kwa jina hilo. Maelezo ambayo wengi huyatoa wakiulizwa maana yake ni mafupi: ni jina la Kiarabu, na maana yake ni aliyezaliwa siku ya Ijumaa. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayasemi kwa nini Ijumaa iligeuzwa jina la mtu ilhali siku nyingine nyingi za juma hazikugeuzwa, wala hayaelezi jinsi jina lililotokana na siku ya ibada ya Kiislamu lilivyoingia katika familia za Kikristo za bara. Majibu ya maswali hayo mawili yamo katika namna Waswahili walivyoipanga kalenda yao, na katika desturi ya kuwaita watoto kwa wakati waliozaliwa, desturi ambayo jamii nyingi za Kiafrika zilikuwa nayo kabla Juma halijazifikia.

Mzizi wa neno

Neno juma limetokana na neno la Kiarabu linalotamkwa jum'a au jumu'a, ambalo mzizi wake, kama ilivyo kawaida ya lugha hiyo, ni konsonanti tatu: jimu, mimu na aini. Maana ya msingi ya mzizi huo ni kukusanya au kukusanyika, na Kiswahili kimepokea kutoka kwake maneno kadhaa ambayo wasemaji huyatumia kila siku bila kuhisi udugu uliopo baina yao, yakiwemo jamaa, jamii, jumuiya na kitenzi jumuika, pamoja na jamia katika msamiati wa misikiti. Herufi ya aini, ambayo hutamkwa kwa kubana koo, haimo katika sauti za Kiswahili, na ilipodondoka lilibaki umbo la Juma, au Jumaa kwa wale waliotaka kurefusha irabu ya mwisho.

Si kila neno linalofanana na Juma, hata hivyo, ni la ukoo huo. Jumla na jumlisha yana mzizi mwingine wa Kiarabu unaoishia na lamu, na jina Jumada linalobebwa na miezi miwili ya kalenda ya Kiislamu lina mzizi unaohusu kuganda. Zuma, ambalo hufahamika kwa kuwa lilibebwa na rais wa zamani wa Afrika Kusini, ni jina la ukoo la Wazulu na halihusiani kabisa na Ijumaa.

Kabla ya Uislamu, Waarabu waliiita siku hiyo Aruba, na jina la Jumu'a likashika mizizi pamoja na dini mpya kwa sababu lilieleza kilichofanywa siku hiyo, yaani watu kukusanyika kwa swala. Sura ya 62 ya Kurani inaitwa Al-Jumu'a, na aya yake ya 9 inawataka waumini waache biashara na kuuendea ukumbusho wa Mwenyezi Mungu pindi unapotolewa wito wa swala ya Ijumaa, huku aya inayofuata ikiwaruhusu kutawanyika na kutafuta riziki baada ya swala kwisha. Kwa hiyo Ijumaa ya Kiislamu haikuwekwa kuwa siku ya kupumzika kama Sabato ya Wayahudi, bali siku yenye saa ya kukutana. Historia ya Uislamu inasimulia kwamba mwaka 622, Mtume Muhammad alipokuwa akitoka Kuba kuingia Madina, aliswalisha Ijumaa ya kwanza katika mtaa wa Bani Salim bin Auf. Swala yenyewe ina rakaa mbili zinazotanguliwa na hotuba mbili, na huchukua nafasi ya swala ya adhuhuri, nayo mapokeo ya hadithi yanaitaja Ijumaa kuwa siku bora kuliko zote ambazo jua limezichomozea, siku aliyoumbwa Adamu. Mzazi aliyempa mwanawe jina hilo alikuwa akimpa sehemu ya heshima ya siku.

Katika pwani ya Afrika Mashariki heshima hiyo ilionekana hata katika ujenzi wa miji. Wanaakiolojia waliochimba magofu ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, walikuta mabaki ya misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8, na huko Kizimkazi, kusini mwa Unguja, msikiti una maandishi yaliyochongwa yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, ambao ni sawa na mwaka 1107. Kilwa na Gedi zilikuwa na misikiti mikubwa ya Ijumaa, yaani misikiti iliyokusudiwa kuwakusanya wakazi wa mji mzima kwa swala hiyo moja, tofauti na misikiti midogo ya mitaa iliyohudumia majirani kwa swala za kila siku.

Juma lililohesabiwa kwa Kiswahili

Jina la mtu linalotokana na Ijumaa halikubuniwa na Waswahili. Linajulikana Oman na katika nchi za Ghuba, ambako baadhi ya watu, kwa lafudhi inayogeuza sauti ya j kuwa y, hulitamka kama Yuma. Waturuki huliandika Cuma, kwa kuwa herufi c katika maandishi yao husomwa kama j, na Afghanistan kuna wanaume wengi wanaoitwa Juma Khan. Waswahili nao walilitumia neno hilohilo kwa mambo matatu yanayohusiana, yaani Ijumaa kwa siku, juma kwa muda wa siku saba, na Juma kwa mtu, kisha wakaipanga hesabu yote ya siku kwa kulizunguka.

Hesabu hiyo huanza mara tu baada ya Ijumaa. Jumamosi ni siku ya kwanza ya juma, kwa kuwa mosi ni moja, Jumapili ni ya pili, na Jumatatu, Jumanne na Jumatano hufuata kwa utaratibu huohuo. Baada ya siku ya tano, nambari za Kiswahili hukoma ghafla, na siku mbili za mwisho huitwa kwa majina yenye asili ya Kiarabu, Alhamisi na Ijumaa. Neno Alhamisi lenyewe lina maana ya siku ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, na ndiyo maana msemaji wa Kiswahili hupitia siku mbili zinazofuatana, Jumatano na Alhamisi, ambazo zote kwa asili ya majina yake ni za tano, moja kwa hesabu ya Kibantu na nyingine kwa hesabu ya Kiarabu. Kubakizwa kwa jina la Alhamisi kunaeleweka vizuri zaidi ikikumbukwa kwamba ndiyo siku inayoitangulia Ijumaa, na kwamba machweo yake huufungua usiku wa Ijumaa, ambao pwani umezoeleka kuwa usiku wa kisomo, dhikiri na kuwaombea dua marehemu.

Utaratibu huohuo umo katika miezi. Kalenda ya jadi ya Waswahili, inayofuata mwandamo wa mwezi, huanza kuhesabu pale mfungo wa Ramadhani unapomalizika, hivyo mwezi wa Shawali huitwa Mfungo Mosi, Dhulkaada huitwa Mfungo Pili, Dhulhija Mfungo Tatu, na kuendelea hadi Mfungo Tisa. Zinapotimia tisa, hesabu husimama, na miezi mitatu inayobaki, ambayo ndiyo inayoielekea na kuifikia saumu, hubakia na majina yake ya Kiarabu: Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Juma na mwaka vilipangwa kwa akili moja, kwamba nyakati za kawaida zihesabiwe kwa nambari, na nyakati tukufu, pamoja na zile zinazozikaribia, ziitwe kwa majina.

Mtu akiyalinganisha majina hayo na majina ya wanaume wa pwani, ataona kwamba siku na miezi iliyoachiwa majina yake ndiyo hiyohiyo iliyogeuzwa majina ya watu. Ijumaa imetoa Juma, Alhamisi imetoa Hamisi, ambalo Zanzibar huandikwa zaidi Khamis, na miezi mitatu isiyohesabiwa imetoa Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Miezi ya mfungo haikutoa mtu aitwaye Mfungo Sita, na hata mtoto aliyezaliwa ndani ya miezi hiyo aliitwa kwa tukio na si kwa nambari, kama vile Idi kwa aliyezaliwa sikukuu, Haji kwa aliyezaliwa wakati wa hija katika Mfungo Tatu, na Maulidi kwa aliyezaliwa Mfungo Sita, mwezi wa kuadhimisha kuzaliwa kwa Mtume. Wapo wanaokwenda kinyume cha utaratibu huu, hasa Muharami, jina la Mfungo Nne, na Jumanne, ambalo ni jina la kawaida Tanzania, lakini uchache wao unauonyesha utaratibu waziwazi zaidi. Nambari zenyewe zilipogeuzwa majina, kama Pili na Tatu, mara nyingi zilieleza nafasi ya mtoto katika uzazi wa mama yake, wala hazikuhusu siku.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwanza. Juma halikuchaguliwa kwa sababu tu siku ya Ijumaa ilikuwa na jina la Kiarabu, bali kwa sababu lilikuwa miongoni mwa vituo vichache vya wakati ambavyo jamii ilivitambua kwa jina badala ya nambari, na mtoto aliyeangukia kituo hicho alikuwa na jina linalomsubiri.

Mtoto wa usiku wa Ijumaa

Kumpa mtoto jina la siku kunahitaji kujua siku inaanza lini, na hapa hesabu ya Waswahili inatofautiana na ile inayofuatwa maofisini. Katika kalenda ya Kiislamu siku huanza jua linapozama, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa saa tatu ya usiku unaofuata mchana wa Alhamisi alizaliwa usiku wa Ijumaa, na aliweza kuitwa Juma, ingawa cheti cha hospitali kingeandika kwamba alizaliwa Alhamisi. Vivyo hivyo, aliyezaliwa Ijumaa baada ya magharibi alikuwa tayari ameingia katika siku ya Jumamosi.

Jina lilitolewa kwa hatua. Mtoto alipozaliwa aliadhiniwa sikioni, na siku ya saba alipewa jina, na kwa familia zilizokuwa na uwezo ilifanywa akika, yaani kuchinja mbuzi au kondoo kwa ajili ya mtoto, ambapo sunna ni wanyama wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana. Ijumaa haikuwa ya wavulana tu, kwani wasichana waliitwa Mwanajuma, na kwa kufupisha Mwajuma, kwa kutanguliza neno mwana, ambalo katika pwani ni neno la heshima kwa mwanamke, kama linavyoonekana pia katika Mwanahamisi na Mwanaidi.

Mvulana akishapewa jina, alilibeba pamoja na la baba na la babu, kwa mfumo ambao zamani uliunganishwa na neno la Kiarabu bin, yaani mwana wa. Mfano unaofahamika sana ni wa mfanyabiashara wa pembe na watumwa wa karne ya 19 aliyejulikana kwa lakabu ya Tippu Tip, ambaye alifariki Zanzibar mwaka 1905 na aliyeacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Jina lake kamili lilikuwa Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el-Murjebi, na ndani yake wamo babu aliyeitwa kwa siku na baba wa babu aliyeitwa kwa mwezi. Ni kwa mfumo huu pia kwamba Juma, ambalo kwa asili ni jina la mtu mmoja, huonekana leo katika pasipoti za watu wengi mahali pa jina la ukoo, ilhali kwa kweli ni jina la baba au babu.

Kutoka pwani kwenda bara

Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo, Kilwa na Mombasa ililichukua jina hilo mbali na bahari. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alimkuta kusini mwa Kongo ya leo mfanyabiashara wa pwani aitwaye Juma Merikani, ambaye lakabu yake ilitokana na merikani, kitambaa cheupe cha pamba kutoka Marekani kilichotumika kama fedha katika njia za biashara. Lakini wafanyabiashara hawakuwa peke yao, kwa kuwa wapagazi walioajiriwa katika misafara hiyo walikuwa na majina kama Juma, Uledi, Mabruki na Feruzi, na wengi wao walikuwa watu wa bara walioyapata majina hayo baada ya kufika pwani. Baadhi yao waliletwa kama watumwa na kunyang'anywa majina ya kwao pamoja na uhuru wao, na kwa mtu kama huyo Juma lilikuwa jina alilobandikwa na mwingine, bila kujali siku aliyozaliwa. Historia ya jina hili ina pande zote mbili, upande wa mtoto aliyepewa kwa furaha siku ya saba, na upande wa mtu mzima aliyelikuta likimsubiri sokoni.

Hata hivyo, misafara na dini haviwezi kueleza peke yake kwa nini jina lilipokelewa na kubaki, kwani yako majina mengi yaliyosafiri kwa njia hizohizo bila kushika mizizi. Juma lilikuta bara desturi inayofanana nalo, ya kumwita mtoto kwa saa, msimu au hali ya siku aliyozaliwa. Miongoni mwa Wajaluo, Otieno ni aliyezaliwa usiku, Odhiambo ni wa jioni, Onyango ni wa asubuhi jua likiwa limepanda, na Okoth ni aliyezaliwa mvua ikinyesha. Waluhya, hususan Wabukusu, humwita Wafula aliyezaliwa msimu wa mvua, Simiyu aliyezaliwa kiangazi, Wekesa aliyezaliwa wakati wa mavuno na Wanjala aliyezaliwa wakati wa njaa. Wasukuma wana Mabula kwa mvua, na Waswahili wenyewe wana Masika. Kwa watu waliozoea majina ya namna hiyo, Juma halikuonekana geni, kwa kuwa lilieleza jambo walilokuwa wakilieleza siku zote, yaani mtoto alikuja lini, na tofauti pekee ilikuwa kwamba kipimo cha wakati sasa kilikuwa siku ya juma badala ya mvua au jua.

Hata juma lenyewe la siku saba halikuwa kipimo pekee kilichotumika. Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda, nyuma ya pwani ya Kenya, walikuwa na juma la siku nne, na siku ya mapumziko isiyolimwa iliitwa jumwa, neno ambalo pia ni jina la wanawake. Huko Lubumbashi na sehemu nyingine za Katanga, ambako Kiswahili kilikuzwa na migodi na misheni zaidi kuliko na misikiti, Jumatatu huitwa siku ya kwanza, na hesabu huanza hapo, hivyo mfuatano wa Jumamosi hadi Jumatano haumo katika mazungumzo ya kila siku. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, hata hivyo, wamisionari waliokuja karne ya 19 walizikuta Jumamosi na Jumapili zimekwisha kuenea, wakaziacha. Ndivyo ilivyotokea kwamba siku ya Bwana ya Wakristo, ambayo katika Biblia ni siku ya kwanza, huitwa kwa Kiswahili ya pili, ingawa Wakatoliki huiita pia Dominika na Waadventista huiita Jumamosi Sabato.

Kwa hali hiyo, haikuwa ajabu kwamba Juma liliingia katika familia za Kikristo na kukaa bega kwa bega na majina ya ubatizo. Mtaalamu wa sayansi na maendeleo Calestous Juma, aliyezaliwa mwaka 1953 katika sehemu ya magharibi ya Kenya inayopakana na Ziwa Victoria, aliyeanzisha kituo cha utafiti wa teknolojia jijini Nairobi na baadaye kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard hadi alipofariki Desemba 2017, alilibeba kama jina la familia baada ya jina la Kikristo. Kwa upande wa Tanzania, mwanariadha Juma Ikangaa alilitangaza katika mitaa ya New York mwaka 1989, aliposhinda mbio ndefu za jiji hilo kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, baada ya kushika nafasi ya pili katika mbio za Boston mwaka huohuo na mwaka uliotangulia, na mwanadiplomasia Juma Mwapachu aliishika nafasi ya Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2006 hadi 2011.

Ndugu wa Juma kwingineko

Kumwita mtu kwa siku ya kuzaliwa hakukuanza Afrika Mashariki wala hakukuishia hapo, na kulinganisha kunasaidia kuona kilicho maalumu katika jina Juma. Waakan wa Ghana wana jina kwa kila siku ya juma, la mvulana na la msichana, na mvulana wa Ijumaa huitwa Kofi. Katibu Mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alizaliwa Kumasi tarehe 8 Aprili 1938, ambayo kweli ilikuwa Ijumaa. Mwaka huohuo, tarehe 9 Desemba, siku iliyokuwa pia Ijumaa, alizaliwa huko Takum, Nigeria, jenerali Theophilus Danjuma, ambaye jina lake limeundwa kwa neno la Kihausa dan, yaani mwana wa, na juma lilelile lililotoka Uarabuni. Danjuma ni Mkristo, na jina lake linathibitisha kwamba huko Afrika Magharibi, kama ilivyokuwa katika nchi za maziwa makuu, Ijumaa ya Waislamu ilipita mipaka ya dini mara ilipoingia katika desturi iliyokuwapo ya kuhesabu kuzaliwa kwa siku.

Ulaya nayo ina majina ya namna hii, lakini yamefungwa zaidi na ibada kuliko na kuzaliwa. Wagiriki wana Kyriakos, linalotokana na jina la Jumapili yao, na mwanamke aitwaye Paraskevi huitwa kwa neno lilelile linalotaja Ijumaa, ingawa wengi hupewa majina hayo kwa heshima ya watakatifu. Tofauti kati ya mifumo hii ni ya kuzingatia, kwa sababu Waakan waliipa kila siku jina la mtu bila kubagua, Wagiriki waliwaenzi watakatifu, na Waswahili walichagua siku mbili zilizoachiwa majina yake, na kuziacha nyingine kwa nambari.

Katika miaka ya 1960 na 1970, Wamarekani weusi waliokuwa wakitafuta majina ya Kiafrika kwa watoto wao walikigeukia Kiswahili, na majina ya siku yalikuwamo. Mwanasiasa wa jiji la New York Jumaane Williams, ambaye wazazi wake walitoka Grenada, alizaliwa tarehe 11 Mei 1976, siku ambayo ilikuwa Jumanne. Hivyo jina ambalo pwani lilikuwa la kando, kwa kuwa lilitokana na siku iliyohesabiwa tu, ng'ambo ya Atlantiki lilipewa mtoto kwa kufuata siku yenyewe kwa uaminifu.

Jina linapoachana na siku

Pamoja na hayo yote, ni kosa kudhani kwamba kila Juma alizaliwa Ijumaa. Desturi ya kumpa mtoto jina la babu yake, iliyoenea pwani na bara, hulikata jina na siku yake mara moja tu linaporithiwa, kwa kuwa mjukuu aliyezaliwa Jumatatu ataitwa Juma ikiwa ndilo jina la babu. Hali ni hiyohiyo kwa majina ya miezi. Mshairi na mwandishi Shaaban Robert, kwa tarehe inayojulikana ya kuzaliwa kwake, 1 Januari 1909, alizaliwa siku iliyoangukia Dhulhija, yaani Mfungo Tatu, miezi kadhaa mbali na Shaabani, na jina lake lenyewe, la mwezi wa Kiislamu likifuatwa na la baba lenye asili ya Ulaya, linaonyesha jinsi majina yalivyokuwa yamechanganyika katika familia za pwani ya Tanga mwanzoni mwa karne ya 20.

Kazi ya jina nayo imebadilika. Zamani, kabla ya vyeti vya kuzaliwa kuwa vya kawaida, jina la siku au la mwezi lilikuwa njia mojawapo ya familia kuhifadhi habari ya lini mtoto alizaliwa, na mama aliyekuwa na Juma na Rajabu nyumbani aliweza kukumbuka kwamba mmoja alikuja siku ya Ijumaa na mwingine alikuja miezi miwili kabla ya kufunga. Leo tarehe imeandikwa katika cheti, juma la kazi linaanza Jumatatu, na hata neno juma lenyewe, kwa maana ya siku saba, limepewa mwenza katika neno wiki. Jina la Juma limeachiwa kazi nyingine, ya kuwaunganisha watoto na waliowatangulia.

Kwa msomaji anayetaka kujua jina la Juma fulani linasema nini, njia ya uhakika si kulitafsiri bali kuuliza lilikotoka. Katika familia moja jibu litakuwa siku aliyozaliwa, na hapo inafaa kuuliza pia saa, kwa kuwa aliyezaliwa usiku unaofuata mchana wa Alhamisi naye ni wa Ijumaa. Katika familia nyingine jibu litakuwa babu, na siku aliyozaliwa babu huyo huenda haikumbukwi na mtu. Katika familia ya tatu litakuwa jina la ukoo la Wakristo ambao kwao Ijumaa si siku kuu ya ibada ya juma, wakiwa wamelipokea kwa mzee aliyepita katika njia za misafara, au kwa jirani aliyependwa. Maana hizo zote ni halali, na zote zimewezekana kwa sababu moja, kwamba neno lililotaja mkusanyiko wa waumini lilifika kwa watu ambao tayari waliamini kwamba wakati anaozaliwa mtoto ni habari inayostahili kuitwa kila siku ya maisha yake.